Kibanda cha Mpita Njia Mlimani

Katika makundi manane ya watu wenye haki katika zaka, limo kundi la ibni sabili, yaani msafiri aliyekatikiwa njiani. Hakutajwa kwa ufukara wake, kwani huenda kwao ni tajiri wa kutajika. Ametajwa kwa kuwa njia imemvua kila alichokuwa nacho. Mwenye majumba matatu Mombasa, mvua ya mawe ikimkuta juu ya mlima na jua limekuchwa, ni maskini wa Mungu kama maskini yeyote. Haja yake saa ile si dhahabu. Haja yake ni paa.

Makala haya ni ya paa hilo: kibanda kidogo cha kumsitiri mpanda mlima katika nchi ya Nakuru na Bonde la Ufa la kati. Nitauliza kijengwe wapi, kijengwe kwa nini, na nani akiangalie. Jambo dogo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwani kibanda kibaya chaweza kumuua anayekikimbilia, na chaweza pia kuuharibu mlima ambao watu wamekuja kuutazama.

SISI NA MILIMA WAPI NA WAPI?

Msomaji wa pwani huenda akasema: sisi watu wa mashua na minazi, tuna nini na milima ya bara? Jawabu ni kuwa tuna mengi, ya zamani na ya leo.

Ya zamani ni kwamba njia za Bonde la Ufa zilikanyagwa na misafara ya pwani kabla ya reli kuwazwa. Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe, alizijua nchi za Naivasha na Baringo barabara. Mwaka 1883 alifuatana na Mskoti Joseph Thomson katika safari ya kupita nchi ya Wamasai, na miaka michache baadaye akafuatana na Count Teleki, mtu wa Hungaria, katika safari ya 1887 na 1888. Thomson mwenyewe aliupanda mlima wa Longonot akachungulia shimo lake. Lakini waliobeba mizigo, waliopika, waliolinda usiku na waliojua wapi pana maji, wengi wao walikuwa watu wetu.

Ya leo ni kwamba vijana wetu wanakwenda tena, ila hawaendi kutafuta pembe. Tangu mwaka 2019 gari la moshi la reli mpya linafika mpaka upande wa Naivasha, na Nakuru, iliyotangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, imejaa wanafunzi na wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi. Longonot, wenye urefu wa mita 2,776 na uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, ni mlima wa siku moja, na kwa hiyo hupandwa na watu wa kila namna: watoto wa shule, vyama vya vijana, hata wazee wenye bakora. Menengai, wenye mita 2,278, upo kando ya jiji lenyewe. Kijana wa Likoni akiondoka na fulana moja na chupa ya soda, hajui kwamba kila apandapo mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita au saba. Mwenye kutoka pwani na kusimama juu ya ukingo wa Longonot amepoteza karibu nyuzi kumi na nane za joto, na upepo na mvua bado sijavihesabu.

MAFUNZO YA WALIOTUTANGULIA

Kabla ya kuchora ramani ya kibanda, yafaa tuwaulize wenyewe wa nchi walijisitiri vipi.

Tuanze na wazee wetu wa misafara. Kila jioni walikata matawi ya miba, wakazungusha boma, wakalala ndani na mioto yao. Asubuhi waliondoka, na baada ya misimu michache ya mvua hapakuwa na dalili. Somo lao ni zuri: sitara isiyoacha kovu. Lakini somo hilo lina mpaka. Msafara mmoja kwa mwaka ukikata miba, nchi huponya jeraha lake. Maelfu ya watu kwa mwaka wakikata matawi mahali pale pale, patabaki upara. Basi hatuwezi kuwaiga vivi hivi.

Wa pili ni watu wa kale waitwao Wasirikwa. Penye kilima cha Hyrax Hill, nje kidogo ya Nakuru, yapo mashimo mapana waliyoyachimba ubavuni mwa kilima karne kadhaa kabla ya reli kufika hapo. Mary Leakey aliyafukua kuanzia mwaka 1937, na leo mahali hapo pana makumbusho. Mashimo hayo yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba za watu zikiambatana nayo, mlango ukielekea upande wa mteremko. Tazama hekima yake, msomaji: kilima chenyewe kimefanywa ukuta. Upepo wapita juu, maji ya mvua yatoka kwa mlango wa chini, na aliye mbali haoni jengo la kuchomoza.

Wa tatu ni Waogiek wa msitu wa Mau, ambao haki yao katika ardhi hiyo ilithibitishwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha mwezi Mei 2017. Hawa waliihama misitu kwa kufuata majira ya asali, na kila ngazi ya mlima walikuwa na vibanda vyepesi vya fito, nyasi na maganda ya mtarakwa, ambao ni mwerezi wa nchi hizo. Mtarakwa hauozi upesi wala mchwa haupendi. Ndio maana mizinga yao pia huchongwa kutokana na mti huo.

Wa nne ni kina mama wa Kimasai, ambao ndio waashi wa nyumba zao. Nyumba ya Kimasai ni ya chini, mlango wake una kona, na madirisha yake ni matundu tu. Mgeni hulalamika kwamba hawezi kusimama wima ndani. Lakini dari ya chini ndiyo blanketi ya kwanza: joto la miili ya watu hubaki walipo watu, halipandi juu kupotea bure. Sisi pwani tumezoea dari ndefu ili joto litukimbie. Mlimani mambo ni kinyume, na fundi wa Mombasa apelekwaye Nakuru na aiache pwani kanuni yake ya upepo.

VIBANDA VYA MILIMA MIREFU

Bonde la Ufa halina mila ndefu ya vibanda vya wapanda milima, lakini majirani wanayo. Kilimanjaro kuna Mandara na Horombo, vibanda vya mbao vya umbo la hema, vilivyojengwa kwa msaada wa Norwei katika miaka ya 1970. Mlima Kenya una vibanda kadhaa, na kimoja kina kisa cha kupendeza.

Mwezi Septemba 1970, daktari kijana wa Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, kwenye mita 5,199. Alikaa juu ya majabali siku nyingi, mwenzake Oswald Oelz akimuuguza, huku wapandaji wa Kenya wakihangaika kumfikia, na hatimaye akateremshwa akiwa hai. Kwa shukrani, Waaustria wakajenga kibanda kwenye karibu mita 4,790, na hadi leo chaitwa kibanda cha Waaustria. Si kasri. Ni chumba cha kulala, na paa. Lakini ni sadaka yenye kuendelea, kwani kila anayelala humo anafaidi shukrani ya mtu asiyemjua.

Mlima huo huo una kisa kingine kisicho na raha. Palikuwa na kibanda kiitwacho Two Tarn, kilichokaa kando ya kidimbwi kizuri. Wapandaji wengi walikipenda kwa mandhari yake. Leo hakipo. Kilivunjwa. Na mwenye akili aelewa tatizo la kibanda kilichojengwa ukingoni mwa maji: watu hulala palipo na kibanda, wakilala huenda haja, na mvua hukusanya kila kitu na kukishusha majini. Mandhari uliyoifuata ndiyo unayoinajisi.

KWANZA MAHALI

Basi tuje kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza si mbao wala bati. Ni mahali.

Bonde la Ufa limetufunza hilo kwa machozi. Mwezi Aprili 1912 au 2012, mwaka si kitu kwa korongo, maji yana tabia ile ile. Lakini tuliyoyaona sisi ni ya 2012, pale vijana saba wa kikundi cha kanisa walipochukuliwa na mafuriko ya ghafla katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya hifadhi ya Hell's Gate. Tarehe 1 Septemba 2019 korongo hilo hilo likachukua watu saba wengine. Mvua iliyowaua huenda haikuwanyeshea wao kabisa. Yaweza kunyesha mbali juu, mbingu ya korongoni ikawa safi, na maji yakaja kama ukuta. Udongo wa majivu ya volkeno haushiki, na kuta za mawe hazina mahali pa kukimbilia.

Kwa hiyo sharti la kwanza: kibanda kisijengwe ndani ya korongo wala kwenye mdomo wake, hata kama hapo ndipo penye kivuli na hifadhi ya upepo. Na pale penye korongo linalotembelewa, sitara ya juu, penye njia ya kupandia iliyo wazi, ni jambo la uhai.

Sharti la pili: kisijengwe juu kabisa ya ukingo. Kibanda kilicho peke yake kileleni ni mwaliko kwa radi, na watu wajue kuwa paa na nguzo nne hazizuii radi. Kishushwe chini ya ukingo, na kiwekewe waya wa kuishusha radi ardhini.

Sharti la tatu: kisikae kwenye mapito ya nyati wala karibu na maji wanayoyanywa wanyama. Longonot ina nyati, punda milia na twiga. Hao ndio wenyeji, sisi ni wageni.

KIKUBWA KIASI GANI?

Longonot hahitaji nyumba ya kulala. Mtu huupanda na kushuka siku hiyo hiyo, na ukimwekea kitanda utamfundisha kuchelewa. Kinachomfaa ni kipenu: paa, kuta mbili au tatu zinazoukinga upepo, na baraza la kukalia. Lakini mwenye kuvuka shimo la Menengai, au kupanda msitu wa Eburru, au kutembea siku mbili tatu katika Mau, huyo ahitaji mahali pa kulala.

Chumba cha mita tatu kwa nne chatosha. Ukiweka jukwaa moja la mbao ukutani, lenye urefu wa mita nne na kina cha mita mbili, watalala watu sita, kila mmoja na nafasi ya zaidi ya sentimita sitini. Waliozidi watalala sakafuni. Ukiongeza kitanda cha saba utaongeza cha ishirini, na kibanda kitageuka hoteli, na hoteli hudai barabara, na barabara ikifika mlima umekwisha.

Msingi uwe wa mawe ya volkeno yaliyopangwa bila saruji, na nguzo zisimame juu yake. Mawe hayo yapo tele, na siku kibanda kikiondolewa yatarudi kuwa mawe tu. Mbao ziungwe kwa bolti, si kwa misumari ya kudumu, ili kuvunja iwe rahisi kama kujenga. Kila kipande kisizidi uzito wa watu wawili kubeba, kwani hapana lori litakalofika. Mtarakwa wa msituni usikatwe, maana umeadimika. Mbao za misonobari na misaiprasi ya kupandwa, zilizotiwa dawa, zitafaa. Kuta ziwe mbili, na kati yake nyasi kavu au sufi ya kondoo, ambayo nchi ya Nakuru na Nyandarua haiikosi. Makuti yetu tuyaache nyumbani: yaliumbwa kupumua, na mlimani kupumua ni kuugua.

MAJI NA CHOO

Longonot hauna mto. Kila tone hubebwa. Na maji mengi ya visima katika Bonde la Ufa yana floridi ya kuzidi, ndiyo inayoacha madoa ya kahawia katika meno ya watu. Lililobaki ni kutazama juu.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Chumba chetu cha mita tatu kwa nne, ukikitandazia paa lenye mapaja ya kutosha, kitakuwa na paa la mita za mraba ishirini. Mvua ya milimita kumi, ambayo ni ya alasiri moja, italeta karibu lita mia mbili. Pipa la lita elfu mbili hujaa kwa mvua kumi kama hizo, na hilo lanywesha watu mia sita lita tatu tatu. Maji ya mwanzo, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yaachwe yamwagike.

Na wenyeji wa Eburru wametuonyesha ajabu kubwa zaidi. Huko mvuke wa moto hutoka ardhini, na watu huukinga kwa mabomba, ukapoa, ukawa maji, wakanywa wao na mifugo yao. Penye mvuke, kibanda hakina haja ya kusubiri mawingu.

Choo ndicho kinachovunja vibanda. Ardhi ya volkeno ina nyufa, na uchafu wa shimo huzama upesi usikojua. Kinachofaa ni choo kikavu cha vyumba viwili juu ya ardhi: kimoja hutumika, kingine kimefungwa kikikauka, na kila mtu hutupia majivu au unga wa mbao. Hapo Muislamu atauliza: na kutawadha je? Suali la haki. Maji yakiingia chumba kikavu, choo hunuka na kuharibika. Dawa yake ni kutenga mahali pa kujisafishia kando ya tundu, na mfereji mdogo wa kupeleka maji hayo kwenye kitanda cha kokoto, mbali na njia ya mvua. Maji yakikosekana kabisa, dini haikumbana msafiri: ipo tayamamu, na ipo rukhsa ya kupunguza sala. Na qibla kichongwe kwenye boriti. Mtu wa Mombasa aliyezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja, akiwa Nakuru apinde kuume kidogo, kiasi cha nyuzi tisa au kumi.

MOTO NDANI YA CHUMBA

Mwezi Machi 2009 moto uliuteketeza Longonot hata ndani ya shimo lake, na wanyama wakanaswa humo. Hiyo ni sababu moja ya kukataza moto wa kuni vibandani. Ya pili ni siri zaidi. Msafiri aliyelowa huingiza jiko la makaa chumbani, akafunga mlango kwa baridi, akalala. Hewa ya makaa haina harufu wala haiamshi mtu. Familia ngapi katika nchi hii zimekutwa asubuhi zimekufa kwa jiko? Kwa hiyo kibanda kiwe na matundu mawili yasiyofungika, moja chini na moja juu, na maandishi makubwa ukutani: jiko lisiingie ndani.

MSIMAMIZI NI NANI?

Haya yote ni kazi ya fundi. Lakini kibanda hakifi kwa ufundi mbaya. Hufa kwa kukosa mwenyewe. Mlango hung'olewa ukawa kuni, pipa huibwa, choo hujaa, na baada ya miaka mitatu pabaki bati lililokunjwa na harufu.

Katika jambo hili sisi watu wa pwani tuna la kufundisha. Wazee wetu waliweka wakfu visima, mashamba na misikiti, na wakfu haukuwa mali tu. Ulikuwa na mnufaika anayejulikana, na ulikuwa na msimamizi, mutawalli, ambaye akizembea huulizwa. Visima vilivyokosa msimamizi vilijaa mchanga, na vilivyopata viko hai.

Katika misitu ya Kenya, sheria ya mwaka 2005 iliwapa wenyeji nafasi ya kuunda vyama vya jamii vya kuhifadhi msitu pamoja na serikali. Hivyo ndivyo mutawalli wa kibanda cha Eburru au Mau. Katika hifadhi za taifa ni KWS. Kila kibanda kiwe na daftari la majina ya wapitao, siku ya kufagiliwa, ada ndogo isiyomfukuza mwanafunzi, na mtu mmoja ajulikanaye kwa jina, mwenyeji wa hapo, anayelipwa kwa kazi hiyo. Pasipo na mtu wa namna hiyo, ni bora pasijengwe chochote, watu wabebe mahema yao na kuyarudisha.

Maana jabali lilikuwapo kabla ya mbao. Sitara bora ya mlimani inayokumbukwa na Muislamu ni pango la Thaur, alimojisitiri Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa siku tatu pamoja na sahibu yake. Hakuna aliyelijenga. Lilimtosha aliyelihitaji, likabaki pango. Kibanda chetu na kijitahidi kufanana nalo: kimpokee msafiri, kisimwombe sifa, na kikiondoka mlima usijue kilikuwapo. Nami namalizia kwa beti moja:

Mlima una wenyewe, na wewe ni mpitaji,
Usivunje hata jiwe, usichafue na maji,
Kibanda usijengewe, cha fahari na mtaji,
Dua njema uombewe, na ajaye mhitaji.